Tazama moyo wa nguruwe

Mutomo, huku Ukambani, ni nchi ya mbuzi na ndengu. Nguruwe ni wachache, kwa hiyo watoto sita wa nguruwe wakilala wazima na asubuhi wakakutwa wamekufa, habari huenea haraka: ni homa ya nguruwe, imeletwa na ngiri wa Tsavo.

Dhana hiyo ina msingi. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, na Eustace Montgomery, mwaka 1921. Ngiri hubeba virusi vyake bila kuugua, na papasi wa mashimoni mwake huvihamisha. Lakini homa hiyo haichagui umri, na huandamana na joto kali na ngozi kuwa nyekundu masikioni na tumboni. Wakifa wadogo peke yao, ghafla, huku mama zao wakila kama kawaida, mimi huuliza kwanza pumba inawekwa wapi, na kama panya huifikia.

Panya ana virusi vyake, EMCV, vinavyoshambulia ubongo na msuli wa moyo. Aina yake moja inaitwa Mengo, jina la wilaya ya Uganda ambako ilipatikana miaka ya 1940 kwa kima aliyepooza miguu ya nyuma. Panya huvitoa kwa mavi na mkojo, mara nyingi akiwa mzima kabisa. Nguruwe naye hula pumba iliyochafuliwa, au humla panya mwenyewe akimkuta amekufa, nguruwe habagui. Msuli wa moyo huharibika, na mtoto aliyekimbilia chakula huanguka hapo hapo. Majike wenye mimba huenda wasionyeshe lolote ila kuitoa.

Usivipuuze kwa sababu panya ni mdogo. Huko Kruger, Afrika Kusini, virusi hivi viliua tembo 64 kati ya mwishoni mwa 1993 na mwishoni mwa 1994, wakati panya shamba walipofurika. Panya wa jamii hiyo tunao Ukambani. Jike lake huzaa kumi na zaidi kwa mkupuo, na mvua ya vuli ikiwa nzuri huzaa tena na tena. Ndengu zikishavunwa, shamba linabaki tupu na wote wanahamia ghalani.

Kwa hiyo pumba ikae kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, si guniani. Chakula kilichomwagika kizolewe kabla ya giza, na nyasi za kuzunguka banda zifyekwe. Sumu iwekwe mahali nguruwe hafiki, maana akimla panya aliyekula sumu utakuwa umejiongezea msiba.

Dawa ya kuviua virusi hivi mwilini hakuna, na jibu la uhakika hutoka maabara, kama ile ya Kabete. Nguruwe akifa ghafla, usimchinje wala kuuza nyama: ikiwa kumbe ni homa, utakuwa umeisambaza. Mwite daktari wa mifugo, umwombe afungue kifua autazame moyo kama una mabaka meupe.