Kuku wa Kishingo na Hesabu ya Rangi Zake

Mtu amwonapo kuku wa kishingo kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba amenyonyolewa na wenzake au ana ugonjwa wa ngozi. Huko Marekani alipewa hata jina la Turken, kwa dhana kwamba ni chotara wa kuku na bata mzinga. Dhana hiyo haina msingi. Kishingo ni kuku kamili. Huonekana miongoni mwa kuku wa kienyeji wa Afrika Mashariki, na huko Transylvania, katika Romania ya leo, amefugwa kwa muda mrefu na kupata sifa katika maonyesho. Mwaka 1965 American Poultry Association ilimkubali katika rangi nne: nyekundu, nyeupe, nyeusi na manjano ya dhahabu.

Upara wa shingo hutokana na jeni moja. Mwaka 2011 watafiti wa Roslin Institute, Edinburgh, pamoja na wenzao, walieleza kwamba kipande cha kromosomu ya 1 kimejipachika katika kromosomu ya 3, karibu na jeni itengenezayo protini iitwayo BMP12. Kwa sababu hiyo protini hiyo huzidi ngozini, nayo huzuia manyoya yasichipue wakati kifaranga angali ndani ya yai. Shingo huathirika zaidi kwa kuwa ngozi yake hutengeneza asidi retinoiki, jamaa ya vitamini A, ambayo huipa protini hiyo nguvu. Mwili uliobaki nao hupungukiwa manyoya kiasi. Kuku hana tezi za jasho, hivyo ngozi iliyo wazi humsaidia kupoteza joto. Kasoro machoni pa mnunuzi ni faida wakati wa jua kali.

Kuku aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu huwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hana kishada, au ana manyoya machache mno. Hapa ndipo wafugaji wengi wa maonyesho hukosea, kwani humwona mwenye kishada kuwa ni kuku aliyeharibika, wakamuuza au kumchinja.

Na tumfikirie mfugaji atakaye kishingo wa rangi ya lavender, yaani kijivu hafifu kinachoelekea buluu. Rangi hiyo hutokana na jeni fifi iliyo katika kromosomu nyingine. Haionekani ila kuku airithi kwa wazazi wote wawili. Mfugaji humpandisha jogoo mwenye upara kamili, mweusi, kwa mtetea wa lavender mwenye manyoya shingoni. Vifaranga vyote hutoka na kishada, na hakuna hata kimoja cha lavender. Mfugaji asiyejua elimu ya urithi hukata tamaa siku hiyo hiyo, ilhali kila kifaranga bandani mwake kimebeba jeni zote mbili anazozitafuta.

Wakipandishwa wao kwa wao, robo ya wajukuu watakuwa na upara kamili, na robo watakuwa lavender. Wenye sifa zote mbili ni robo ya robo, yaani 1 katika 16. Lakini 16 ni wastani tu: ili matumaini ya kumpata angalau mmoja yafikie 95 kwa mia, yapaswa kuangua vifaranga 47, mzigo mkubwa kwa mwenye matetea watatu.

Ipo njia nafuu. Lavender wenye kishada ni 1 katika 8, na vifaranga 23 hutosha kwa kiwango kile kile cha matumaini. Wakishapatikana jogoo na mtetea wa namna hiyo, watoto wao wote watakuwa lavender, na robo yao watakuwa na upara kamili.