Je, Wajua? Kiti cha Mtemi Kinachoingiwa
Je, wajua kwamba msafiri wa Shinyanga au Geita atamaniye kuiona sanaa ya Wasukuma iliyosimamishwa hadharani, hana budi kuwasili Bujora, huko Kisesa karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada, aliasisi katika miaka ya 1950 kituo ambacho banda lake la kifalme limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, hata mgeni, ajabu iliyoje, hukiingia kiti badala ya kukikalia? Kabla ya hapo wacheza-nyoka wa Kisukuma, wa chama cha Bayeye, walikuwa wakizinakshi kuta za nyumba zao kwa ndani kwa michoro ambayo mtafiti Hans Cory aliichapisha kitabuni mwaka 1953. Lakini sanaa hiyo haikuwa ya hadharani; ilikuwa siri ya wanachama wa chama hicho.