Ukumbi wa Nusu Peni

Blaenavon ni mji mdogo wa mlimani, kusini-mashariki mwa Wales. Ulizaliwa na tanuri za chuma mwishoni mwa karne ya 18, ukalelewa na makaa ya mawe. Katikati yake pana jengo la mawe ambalo mgeni angedhani ni la mji mkubwa zaidi: Ukumbi wa Wafanyakazi, uliofunguliwa mwaka 1895.

Haukuwa zawadi ya tajiri. Gharama yake ilikuwa pauni 10,000 hivi, na wafanyakazi waliilipa kwa kukatwa nusu peni ya mshahara kila wiki. Pauni moja siku hizo ilikuwa na nusu peni 480, kwa hiyo zilihitajika nusu peni milioni nne na laki nane. Mchimba makaa aliyekatwa hela hiyo aliingia pale kwa haki yake, bila kumnyenyekea mwenye kampuni.

Ndani mlikuwa na maktaba, chumba cha magazeti, meza za biliadi, na ukumbi mkubwa wa kwaya na maigizo, na baadaye sinema. Mabonde ya jirani nayo yalijenga kumbi za namna hii, na ugomvi wake ulifanana: wapo walioona mchezo unawapotosha vijana waliopaswa kusoma. Kumbe katika kumbi nyingi mapato ya biliadi na sinema ndiyo yaliyosaidia kununua vitabu!

Katika mji wa Tredegar, kwenye mabonde hayo, Aneurin Bevan, aliyeingia mgodini akiwa na miaka 13, alisoma katika maktaba ya wafanyakazi, kisha akawa katika kamati yake ya vitabu. Mwaka 1948, akiwa waziri wa afya, ndiye aliyeanzisha huduma ya matibabu bila malipo Uingereza. Watu husifu vitabu alivyosoma. Mimi naona kamati ilimfunza zaidi, maana kubishania matumizi ya hela za wenzako, nao wanakutazama, si jambo la mchezo.

Usawa wa kumbi hizi, hata hivyo, ulikuwa na mipaka. Uanachama ulikuwa hasa wa wanaume. Wake zao, waliobana matumizi ya nyumbani ili nusu peni ipatikane, waliingia zaidi siku za dansi na tamasha.

Huko Blaenavon, mgodi wa makaa wa Big Pit ulifungwa mwaka 1980, ukageuzwa makumbusho. Siku hizi anayetaka kuona sinema katika ukumbi ule wa nusu peni hukata tiketi.