Imani Ikifika Kitandani kwa Mgonjwa

Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi huwa na baridi kali. Mji umekaa takriban mita 1,200 juu ya bahari. Wenye watoto wa selimundu, ugonjwa ambao wengi hapa huuita SS tu, wanaujua msimu huo. Baridi hubana mishipa, chembe za damu zilizopinda hukwama, na mifupa huanza kuuma. Iwe mtaa wa Katuba au wa Ruashi, mtoto atapelekwa hospitali na majirani watakuja kumwombea.

Maombi hayo si bure. Mwaka 1978, huko San Francisco, Jon Levine na wenzake waliwadunga watu waliotoka kung'olewa meno sindano isiyo na dawa. Baadhi walipata nafuu. Walipopewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya mofini, nafuu ile ilipungua. Ubongo wao, kwa kutarajia tu, ulikuwa umetoa vitulizo vyake wenyewe. Vivyo hivyo, anayeombewa akiamini atapona, hofu hushuka, usingizi huja, maumivu yakavumilika.

Lakini chembe ya damu iliyopinda haikunyooka. Mtoto bado anahitaji maji ya kutosha, kinga ya malaria na vidonge vyake. Mchungaji anayeamuru vidonge viachwe ili imani ionekane anacheza na roho ya mtu. Sina neno laini zaidi.

Tena imani yenyewe yaweza kuumiza. Kenneth Pargament na wenzake, Marekani, walifuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Matokeo yalitoka 2001: waliohisi Mungu amewatupa, au kwamba shetani ndiye aliyewaletea ugonjwa, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata ukali wa ugonjwa ulipozingatiwa. Kwetu mzigo huo mara nyingi humwangukia mama wa mtoto wa SS: ukoo unamtafutia mchawi, ilhali jeni zimetoka kwa wazazi wote wawili.

Katanga, eneo letu hili, imewahi kufikiri vizuri zaidi kuliko hivyo. Miaka ya 1950, karibu na Kolwezi, padri Placide Tempels na familia za wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière walianzisha kundi la Kikatoliki lililoitwa Jamaa. Mume na mke walifundishwa pamoja, na uzima, uzazi na mapendo yalikuwa fundisho moja: hakuna aliyekuwa mzima peke yake.

Kwa hiyo munganga asiishie kumuuliza mgonjwa anasali wapi. Amuulize pia: huko wanakuambia umeugua kwa sababu gani?