Je, Wajua? Wiki Hii Viungani mwa Dar es Salaam

Mkazi wa Dar akisikia neno utalii, mawazo yanakimbilia Serengeti na pesa ambayo hana. Safu ya wiki hii haivuki Tegeta kaskazini wala Pugu magharibi. Yote yaliyomo humu yanafikika kwa daladala, bodaboda au boti, na usiku unalala kwako.

Je, wajua kwamba bahari ina ratiba, na haisubiri Jumapili yako? Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hutoka kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yakarudi kujaa saa kumi jioni, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa zimegeuka: saa kumi ileile uliyoogelea wiki iliyopita, sasa unatembea juu ya mwani. Ndiyo maana familia nyingi hufika ufukweni na maboya ya watoto zikakuta matope. Kabla ya kununua soda na barafu, tazama mwezi.

Je, wajua kwamba visiwa unavyoviona ukiwa Msasani na Kunduchi ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975? Ni Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini. Boti za Bongoyo huondokea Msasani, za Mbudya huondokea Kunduchi. Ada ya kiingilio ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni, kwa hiyo usisahau kitambulisho. Uliza pia boti ya mwisho kurudi ni ya saa ngapi, na uliza kabla ya kupanda.

Je, wajua kwamba huko huko Kunduchi, nyuma ya kelele za ufukweni, kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yaliyopambwa kwa sahani za kauri kutoka China? Waliozikwa pale walikuwa watu wa uwezo, na sahani ya China ukutani mwa kaburi ilikuwa njia ya kulisema hilo. Sahani nyingi zimeng'olewa, yamebaki matundu yake. Mibuyu ipo. Nenda asubuhi kabla jua halijachachamaa.

Je, wajua kwamba ukipita Tegeta ukauona mlima wa Wazo uliochimbwa, unatazama bahari ya zamani? Mawe ya chokaa yanayosagwa pale kuwa saruji yalitokana na matumbawe. Huenda sebule yako ilianza maisha yake kama nyumba ya samaki.

Je, wajua kwamba mpingo huzama majini? Ni mzito kuliko maji, tofauti na mbao nyingi. Mti huo unaochongwa vinyago Mwenge ndio huohuo unaotengenezewa zumari za orkestra za Ulaya, na huchukua miongo mingi kufikia unene wa kufaa. Wapo wajanja wanaopaka mbao nyepesi rangi ya viatu. Shika kinyago, kipime kwa mkono, kisha sugua chini kwa kitambaa cheupe. Mchongaji wa kweli hatakasirika, na ukikaa naye atakueleza tofauti ya kinyago cha shetani na kile cha ujamaa, kile cha watu waliobebana mmoja juu ya mwingine. Usinunue siku hiyohiyo. Kaa, tazama patasi inavyokwenda.

Kutoka Mwenge hadi Kijiji cha Makumbusho ni mwendo mfupi tu kwenye barabara ya Bagamoyo. Je, wajua kwamba nyumba zile za makabila mbalimbali zilijengwa kwa ukubwa wake halisi, hivi kwamba unaweza kuinama ukaingia ndani? Wengi wetu tulipelekwa na shule, tukala mandazi, tukarudi. Nenda tena ukiwa mtu mzima, mchukue na bibi kama yupo. Mbele ya nyumba ya kwao atakueleza mengi kuliko kibao kilichoandikwa.

Je, wajua kwamba Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliwahi kupita mikononi mwako mara nyingi? Picha yake ilikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, kabla sarafu haijachukua nafasi. Walter Rodney alifundisha chuoni hapo. Yoweri Museveni na John Garang walisoma hapo. Kupanda Mlimani jioni na kutembea chini ya miti hakuna kiingilio.

Je, wajua kwamba Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka minne tu hivi? Alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, akaja Dar kutafuta kazi kama vijana wengi wa kusini, na akaanza kuchora mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichora juu ya mbao za dari kwa rangi za kupakia baiskeli, akauza picha zake Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Wanafunzi na ndugu zake wakaendelea, na leo chui wake mwenye madoa anatambulika dunia nzima. Ushirika wa wachoraji wa Tingatinga uko hapohapo Oysterbay, mafundi wanachora mbele yako. Ukipenda picha, muulize jina mchoraji mwenyewe. Wanauliza bei wengi, jina hawaulizi.

Ukitoka hapo, teremka ufukwe wa Coco. Je, wajua kwamba kwenye sahani ya mihogo na kachumbari, muhogo, pilipili na nyanya vyote asili yake ni Amerika? Vilivuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania. Kitunguu peke yake ndicho kilichotoka upande mwingine.

Je, wajua kwamba Pugu ndiko Mwalimu Nyerere alikopewa uchaguzi mgumu? Alikuwa akifundisha Chuo cha Mtakatifu Francis, ambacho leo ni Sekondari ya Pugu, huku akiiongoza TANU iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1955 akatakiwa achague: ualimu au siasa. Akaacha kazi. Nyumba aliyoishi Magomeni wakati wa harakati za uhuru imehifadhiwa, na udogo wake unashangaza. Unaweza kuvitembelea vyote viwili kwa siku moja: asubuhi msitu wa Pugu, penye njia za kutembea na mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini yaliyojaa popo, mchana Magomeni. Msituni usiende peke yako, na pitia kwanza ofisi ya hifadhi.

Je, wajua kwamba singeli, muziki uliozaliwa uswahilini, Manzese, Tandale na Mburahati, hufika mapigo 200 kwa dakika na kuzidi? Nyimbo nyingi za dansi duniani huzungukia 120. Wiki hii lazima kuna shughuli mtaani kwako. Ukialikwa nenda, usipoalikwa utaisikia tu.

Je, wajua kwamba Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, unachukua watu 60,000, na wa Chamazi 10,000? Kwangu mimi ndondo za jioni viwanja vya mtaani zina utamu wa kuzidi. Mwamuzi anamjua mama yako.

Je, wajua kwamba Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa tarehe 19 Aprili 2016? Vuka kwa pantoni asubuhi, rudi kwa daraja jioni ukitazama mji unavyowasha taa. Jua la Dar huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, hivyo huna kisingizio cha kulikosa.

Popote utakapokwenda, beba kikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na maganda ya mihogo utahitaji mahali pa kuyaweka.