Singeli: Kwa nini muziki huu unakimbia?

WAKAZI wa Kihonda mjini Morogoro, wawe wa Maghorofani au wa mitaa inayopakana na viwanda, wanakubaliana juu ya jambo moja: singeli haisikiki nusu nusu. Ikifunguliwa kwenye sherehe ya mtaa wa pili huingia ndani kupitia mabati, na aliyelala huamka. Mabishano huanza likiulizwa swali linalofuata, yaani kama sauti hiyo inayokwenda mbio kuliko pumzi ya binadamu ni muziki wenye ufundi wake au ni kelele za vijana wasio na kazi.

Swali hilo si la vijiweni peke yake. Likijibiwa kwamba ni kelele tu, basi hakuna kinachopotea sherehe zikizimwa. Likijibiwa vinginevyo, mwenye mamlaka ya kuzima anapaswa kujua anazima nini. Ni vema basi kuanza na kasi yenyewe.

Wanamuziki hupima mwendo wa wimbo kwa kuhesabu mapigo katika dakika moja. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva huzunguka karibu na mapigo 100. Singeli huanzia kwenye 200 na hufika 300. Wimbo wenye mapigo 240 kwa dakika unapiga mara nne katika kila sekunde, na hakuna mguu utakaokanyaga kila pigo kwa usiku mzima. Mchezaji aliyezoea hafanyi hivyo. Huchukua pigo moja akaacha moja, au huacha matatu, kiuno kikifuata mwendo wa taratibu uliofichwa ndani ya ule wa mbio. Ndiyo maana mtu mzima anayeilalamikia singeli kwamba haichezeki hushangaa kumwona bibi wa miaka sitini akiicheza bila kutoka jasho. Bibi amezisikia hesabu mbili. Mlalamikaji amesikia moja.

Mji wa Morogoro wenyewe ulilelewa na muziki wa mwendo mwingine. Hapa ndipo Salum Abdallah alipoijengea jina Cuban Marimba, na hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipopiga gitaa katika Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya mwaka 1970. Mbaraka aliunda Super Volcano mwaka 1973, akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Nyimbo za zama hizo hazikuwa na haraka. Wimbo mmoja uliweza kujaza pande zote mbili za santuri, upande wa kwanza ukibeba maneno na wa pili ukiyaachia magitaa yazungumze.

Lakini muziki ule ulikuwa na sharti ambalo wazee wetu wanaoukumbuka kwa machozi hawalitaji sana. Magitaa ya umeme, saksafoni na vikuza sauti vilikuwa mali ya mtu au ya taasisi. Kijana aliyetaka kupiga dansi alihitaji kwanza kupokelewa na mwenye vyombo, na akigombana naye alitoka mikono mitupu. Asiye na mwenye vyombo hakuwa na muziki.

Kinanda kidogo na kigoda

Waliolivunja sharti hilo walikuwa vijana wa uswahilini jijini Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walichukua mapigo ya ngoma za Wazaramo na chakacha ya Pwani, wakaongeza kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho kwa wenye uwezo kilikuwa mchezo wa watoto. Kinanda kilipitishwa kwenye vikuza sauti vya kuungaunga hadi kikakwaruza. Mmoja alipiga ngoma, mwingine alichapa kigoda cha mbao kwa vijiti, mwimbaji akashika kipaza sauti. Muziki huo ukaitwa mchiriku. Redio hazikuutaka, kwa kuwa ulionekana wa kihuni, ukaenea kwa kaseti zilizopigwa ndani ya daladala.

Wapo walioujua nje kabla ya wengi wetu kuuheshimu ndani. Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu ya kundi la Jagwa Music la Dar es Salaam, ikiitwa Bongo Hotheads. Wahakiki wa Ulaya walipoisikiliza walitafuta neno katika lugha zao la kuieleza, na neno lililowajia mara nyingi ni panki.

Kwetu sisi panki ni mtindo wa kunyoa. Kwa Wazungu, mtindo huo wa nywele ni kivuli tu cha muziki ulioibuka Marekani na Uingereza katikati ya miaka ya 1970, ukawa mkali zaidi miaka michache baadaye katika tawi lililoitwa hadikoo. Mfano mzuri unatoka mahali ambapo msomaji asingepatarajia: Tornio, mji mdogo wa kaskazini mwa Finland, mpakani na Sweden. Huko mwaka 1980 liliundwa kundi la Terveet Kädet, jina lenye maana ya mikono yenye afya. Liliimba Kifini, lugha isiyoeleweka na majirani wengi, na nyimbo zake nyingi hazikufika hata dakika mbili; baadhi ziliisha kabla ya dakika moja. Ngoma zilikimbia, gitaa lilikwaruza, mwimbaji alifoka, kisha kimya. Pamoja na hayo, rekodi za Wafini hao wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilivuka bahari na kupata wapenzi wakubwa nchini Brazil, kwa vijana wa São Paulo ambao hawakujua neno moja la Kifini.

Kwa maoni ya mwandishi, Tornio na Mburahati zinakutana mahali hapa. Asiye na gitaa la bei, asiye na studio ya maana wala mwalimu, hawezi kumshinda mwenye navyo kwa usafi wa sauti. Anaweza kumshinda kwa kasi. Kasi haiuzwi dukani, na ikifika kiwango fulani inakuwa ufundi unaohitaji mazoezi kama ufundi mwingine wowote. Anayedhani ni rahisi ajaribu kutamka beti moja ya Kiswahili juu ya mapigo 280 bila kumeza silabi.

Inavyotengenezwa

Singeli ni mtoto wa mchiriku na taarabu, na mkunga wake ni kompyuta. Katika sherehe za usiku kucha zijulikanazo kama vigodoro, maarufu zaidi katika mitaa kama Manzese na Tandale, madijei walikuwa wakichukua kipande cha ala cha wimbo wa taarabu, kile kisicho na mwimbaji, wakikizungusha tena na tena na kukiongeza mwendo, huku mshereheshaji akitupa maneno juu yake. Msaga Sumu, ambaye mashabiki humwita mfalme wa singeli, ni miongoni mwa walioyageuza maneno hayo ya kushereheshea kuwa nyimbo kamili.

Kila aliyewahi kumiliki redio ya kaseti anakumbuka kwamba mkanda ukienda haraka mwimbaji huwa na sauti ya kitoto. Mwendo ukiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa oktavo moja kamili. Programu za kompyuta zinaweza kuharakisha wimbo bila kuipandisha sauti, ila watengenezaji wa singeli mara nyingi huiacha ipande, kwa sababu ule mlio mwembamba wa kinanda, kama nyuki waliochokozwa, ndio waliokuwa wakiutafuta. Baadaye waliacha kuazima taarabu wakaanza kutunga vinanda na ngoma zao wenyewe ndani ya programu kama FL Studio.

Albamu iliyoufungulia mlango ufundi huu kimataifa ni Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda. Ni mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso iliyopo Mburahati, Dar es Salaam, ukiwa na majina kama Bamba Pana, Makaveli, Suma, Dogo Niga na Sisso mwenyewe. Anayeisikiliza kwa mara ya kwanza akitegemea utangulizi, ubeti na kiitikio atapotea njia. Nyimbo zinaanza zikiwa tayari zinakimbia, kana kwamba msikilizaji amechelewa kufika, na haziongezi wala kupunguza mwendo kumsubiri. Kilicho cha kupendeza ni kwamba ndani ya vurugu hiyo kila sauti imewekwa mahali pake: ngoma ya chini inashika njia, kinanda kinarudia sentensi moja fupi hadi inaingia kichwani, na mwenye maneno anapenya katikati kama konda wa daladala anayeita abiria huku gari likiondoka.

Milango ikafunguka. Bamba Pana alitoa Poaa mwaka 2018, mwaka ambao yeye na Makaveli walipanda majukwaa ya Ulaya. Jay Mitta alifuata na Tatizo Pesa mwaka 2019, jina lisilohitaji ufafanuzi. Mwaka 2022 DJ Travella akatoa Mr Mixondo, na mwaka 2024 Sisso na Maiko wakatoa Singeli Ya Maajabu.

Nyumbani njia ilikuwa nyingine. Redio ya EFM, iliyoanza mwaka 2014, ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza kuipa singeli nafasi ya kudumu, na wimbo wa Man Fongo uitwao Hainaga Ushemeji uliufikisha muziki huu kwa watu ambao kamwe wasingekanyaga kigodoro. Hapo tofauti ikajitokeza. Msikilizaji wa Berlin haelewi maneno, hivyo anapokea kasi peke yake, kama yule kijana wa São Paulo na Kifini chake. Msikilizaji wa Kihonda anaelewa kila neno, pamoja na yale ambayo asingependa wanawe wayarudie mezani. Malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa mapigo kwa kweli ni malalamiko juu ya maneno, na ingefaa yatenganishwe, maana maneno hubadilishwa kwa siku moja lakini mapigo yalichukua miaka zaidi ya ishirini kupatikana.

Ipo tofauti nyingine na panki ambayo haipaswi kupita hivi hivi. Kule Finland muziki wa mbio ulikuwa wa vijana waliojitenga na wazazi. Singeli ilizaliwa ndani ya shughuli za familia, na wenyeji wake wa kwanza walikuwa wanawake: mkesha wa harusi, kumtoa mwali, tohara. Mila ya kumweka mwali ndani na kumtoa kwa ngoma inajulikana kwa Wazaramo na kwa Waluguru wa milima inayoonekana ukiwa Kihonda. Kilichobadilika ni chombo. Mahali palipokuwa na ngoma tatu pamekuja spika mbili na kompyuta moja, na wimbo haukomi, bali unaunganishwa na unaofuata mpaka alfajiri.

Usiku wa nani?

Hapo ndipo penye mgogoro wa kweli. Kihonda ni mchanganyiko wa makazi na viwanda. Wapo wanaotoka zamu usiku, wapo wanaoamka saa kumi kuwahi sokoni, wapo wagonjwa na wanafunzi. Haki yao ya kulala si ushamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo zilizotungwa chini yake mwaka 2015, zinaweka viwango vinavyotofautisha mchana na usiku, na eneo la makazi na lile la viwanda. Kinachopimwa ni ukubwa wa sauti, na kipimo hakijui kama kinasikiliza singeli, rumba au mahubiri ya mkesha.

Utekelezaji mitaani, hata hivyo, hufuata jina la muziki kuliko kipimo. Sherehe yenye taarabu ya taratibu huachwa iendelee. Yenye singeli hukatwa, wakati mwingine ikiwa na sauti ndogo kuliko ile ya kwanza. Vigodoro vimepigwa marufuku hapa na pale kwa sababu za usalama na maadili, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa na uzito. Ila mwenye kuzima akumbuke kwamba kwa kijana asiye na studio, sherehe hiyo ndiyo chumba cha mazoezi. Pale ndipo anapojua, kwa miguu ya watu, kama kipande chake kinafaa au hakifai.

Eneo la viwanda la Kihonda lina nafasi ambazo haziko chini ya dirisha la mtu, na kanuni zenyewe zimeliwekea viwango tofauti na makazi. Kibali kinachotaja mahali, saa ya kuanza na saa ya kuzima spika kinaandikika kwenye karatasi moja. Mwenye sherehe atajua mipaka yake kabla hajakodi vyombo, na jirani atajua saa ngapi ana haki ya kwenda kugonga mlango wa mwenyekiti wa mtaa.