Maji Yanayopita Chini ya Tuta

Ndugu mkulima wa Mashuuru, mvua za Machi hadi Mei zikiisha lambo limejaa, nawe unafurahi. Baada ya majuma machache maji yamepungua kupita yale yaliyonywewa na ng'ombe na yale yaliyokaushwa na jua. Yamekwenda wapi? Mara nyingi yamepita chini ya tuta, hasa tuta likiwa limejengwa juu ya mchanga wa korongo. Wakumbuka ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo. Mwaka kama huo, lambo linalovuja ni kama debe lililotoboka.

Tena kuna hatari kubwa kuliko kupotea kwa maji. Maji yakianza kubeba udongo, huchimba tundu chini ya tuta, na tundu likifika kwenye maji, tuta huanguka. Bwawa la Teton huko Marekani lilikuwa na tuta refu la mita 93. Juni 3, 1976, vijito vidogo vya maji safi vilionekana upande wa chini. Asubuhi ya Juni 5 maji yalitoka na matope, na kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limebomoka. Watu 11 walikufa, pamoja na maelfu ya ng'ombe. Maji yalikuwa yamepita katika nyufa za mwamba wa msingi na kula udongo laini uliojazwa kwenye mtaro. Nasi hapa Kenya tulijionea nguvu ya maji ya lambo yakitoka yote mara moja: Mei 9, 2018, lambo lilipasuka usiku huko Solai, Nakuru, na zaidi ya watu 40 wakafa.

Basi, kabla ya kujenga, omba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na mwite mtaalamu akague mahali. Kisha fuata haya:

1. Chimba mashimo ya kupima penye mstari wa tuta, ujue mchanga unaishia wapi. Udongo wa mfinyanzi ukiloweshwa na kufikichwa mkononi hufanya kamba nyembamba isiyokatika upesi.

2. Ondoa majani, mizizi, udongo wa juu na vichuguu. Kichuguu kichimbwe mpaka vyumba vyake vyote viishe, kwa maana mchwa huacha njia za maji.

3. Chimba mtaro kufuata urefu wote wa tuta, ukate mchanga mpaka ufike kwenye mfinyanzi au mwamba usio na nyufa. Ujaze mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka za sentimita 15, na kila tabaka lishindiliwe vizuri. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Usiipunguze ili kuokoa fedha.

4. Mchanga ukiwa na kina kirefu mno, tandaza mfinyanzi ulioshindiliwa sakafuni mwa lambo, kuanzia mguu wa tuta, ili maji yasafiri mbali kabla ya kutokea ng'ambo.

5. Mguuni pa tuta upande wa chini, weka chujio la mchanga kisha kokoto. Maji machache yatapita, lakini udongo utabaki.

Lambo likijaa, tembea chini ya tuta kila juma. Ukiona maji, yakinge kwa debe, hesabu linajaa kwa muda gani, uandike. Mengine yatie katika chupa safi uyaache yatulie. Yakiwa safi na hayaongezeki, endelea kuangalia. Yakiacha matope chini ya chupa, au debe likijaa upesi kuliko juma lililopita ingawa lambo halikuongezeka maji, hiyo ni hatari.

Hapo usizibe tundu kwa udongo. Maji yatatafuta mlango mwingine. Waondoe kwanza watu na mifugo walio bondeni, upeleke habari kwa ofisi ya maji au kwa chifu. Ikiwa bado pana usalama, funika tundu kwa mchanga, juu yake kokoto, kisha mawe, na maji ya lambo yapunguzwe.

Mtaro wa msingi hauonekani kazi ikiisha, wala hakuna mgeni atakayeusifu. Lakini ndio utakaowanywesha ng'ombe wako jua likiwaka.